Kaburi Lipo: Hotuba ya Dada wa Marehemu katika Siku ya Kimataifa ya Kuongeza Uelewa kuhusu Ualbino

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa serikali na wa dini mliopo, walimu wenzangu, wazazi, na hasa ninyi watoto, vijana na watu wazima wenye ualbino ambao siku hii ya Juni 13 ni yenu: wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Kabla sijaingia katika jambo lililonileta, nawashukuru waandaaji kwa kulikubali ombi nililowapelekea mwezi uliopita, kwamba shughuli hii ianze saa mbili kamili asubuhi na isingoje msafara wa mtu yeyote. Baadhi yenu mtakumbuka sherehe moja ya siku kama ya leo, miaka michache iliyopita, ambapo watoto wenye ualbino walipangwa mistari uwanjani tangu saa tatu, kila mmoja na kibendera mkononi, wakamngoja mgeni hadi saa saba mchana, nyuma yao likiwa limetundikwa bango linaloeleza hatari za jua. Sikumbushi haya ili kumsuta mtu, kwa maana nami nilikuwa mmoja wa walimu waliowapanga watoto hao. Nakumbusha kwa sababu hivyo ndivyo jua linavyotuulia watu wetu: linapitia kwenye ratiba tulizozipanga wenyewe, kwa nia njema, bila kuwafikiria wao.

Nilipokuwa mtoto kisiwani Ukerewe tuliambiwa kwamba zeruzeru hafi, hupotea. Neno hilo nimelitamka mara moja tu, kwa kuwa ndivyo lilivyosemwa, na sitalirudia. Wakubwa walilisema kwa uhakika, na kama mtoto angeuliza wanapotea kwenda wapi, aliambiwa anyamaze. Nilipokua nikaanza kufikiri kwamba msemo ule, pamoja na ubaya wake wote, huenda ulitokana na jambo ambalo watu waliliona kweli wakalisoma vibaya. Katika vijiji vyetu watoto wenye ualbino walionekana, na vijana wenye ualbino walionekana, lakini mzee mwenye ualbino aliyeegemea mkongojo wake alikuwa nadra mno. Mtu alikuwa akionekana sokoni na gulioni, kisha akawa haonekani tena. Hakuna aliyejiuliza kwamba pengine yumo ndani, amelala juu ya mkeka na kitambaa usoni, kwa sababu ana kidonda ambacho ndugu zake wanaona haya kukionyesha.

Mimi sikupotelewa na mtu. Nilizika. Mdogo wangu, ambaye kwa heshima ya mama yetu aliye hai sitamtaja jina mbele ya kipaza sauti, alizaliwa mwaka 1977, akafariki mwezi Novemba mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 31, na kilichomuua ni saratani ya ngozi. Kaburi lipo, na atakaye kuliona nitamwonyesha.

Baba yetu alikuwa mvuvi wa dagaa. Walio wageni wa ziwa wapaswa kujua kwamba dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa za karabai zinazowavuta kuja juu ya maji, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Alfajiri mitumbwi hurudi, na hapo ndipo kazi ya nchi kavu inapoanza: dagaa humwagwa ufukweni, hutandazwa juu ya mchanga au juu ya nyavu kuukuu, hugeuzwa na kugeuzwa tena, kisha hukusanywa jua linapopoa. Jua likiwaka sawasawa hukauka siku hiyohiyo. Wingu likitanda huharibika, na jasho la usiku mzima huwa limekwenda bure. Kwa hiyo mwanika dagaa huomba jua kama mkulima aombavyo mvua, na saa anayoitaka kuliko zote ni ile ambayo kivuli kimejificha chini ya nyayo zake.

Sasa mdogo wangu, kama ilivyo kwa watu wengi wenye ualbino, macho yake yalikuwa yakichezacheza na hayakuona mbali. Alipofikisha umri wa kwenda kazini pamoja na kaka zake, baba alitukalisha akasema kwamba mtoto asiyeona vizuri hawezi kupelekwa ziwani usiku, maana akianguka majini hataiona hata kamba atakayotupiwa. Basi abaki ufukweni na mama na dada zake, aanike dagaa. Ulikuwa uamuzi wa baba anayempenda mwanawe, na mpaka leo siwezi kumlaumu. Lakini nimeurudia kichwani mwangu mara nyingi, kwa sababu katika nyumba yetu palikuwa na kazi mbili, moja ya usiku na moja ya mchana, na yule mmoja kati yetu ambaye ngozi yake haikuweza kulivumilia jua ndiye aliyepewa kazi ya mchana. Tulimwepusha na maji. Jua hatukulihesabu kuwa ni hatari. Lilikuwa sehemu ya kazi, kama mchanga na kama harufu ya dagaa.

Hebu niseme kwa kifupi kile ambacho madaktari walinieleza baadaye, nikiwa nimechelewa kukihitaji. Ngozi ya binadamu ina rangi iitwayo melanini, na rangi hiyo si pambo. Ndani ya seli za ngozi yangu, melanini hujikusanya juu ya kiini cha seli kama mwavuli uliofunguliwa, ili mionzi ya jua isikifikie kiini hicho ambamo maagizo yote ya uhai wa seli yameandikwa. Mtu mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo, au akiwa nao mdogo sana. Kila siku mionzi hukata na kuharibu maandishi yale. Mwili hurekebisha, lakini haurekebishi yote, na yaliyobaki hulimbikizwa juu ya yale ya jana na ya mwaka juzi, mpaka siku moja seli ikasahau namna ya kuacha kujigawa. Ndiyo maana saratani hii haihesabu jua la leo peke yake. Inahesabu jua la utotoni.

Na jua lenyewe kwetu si la kawaida. Ukerewe ni takribani nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi hii huongezeka kwa karibu asilimia 10, na kwamba mchanga mkavu hurudisha juu karibu asilimia 15 ya mionzi inayouangukia. Fikirini basi mtu aliyeinama juu ya mchanga, kofia ikiwa kisogoni, akigeuza dagaa: anapigwa kutoka juu na kutoka chini. Wingu nalo hutudanganya, kwa kuwa huzuia joto na mwanga lakini huruhusu sehemu kubwa ya mionzi hiyo ipite. Siku za mawingu mdogo wangu alikuwa akivua shati, kwa vile hakusikia joto.

Alipofika umri wa miaka kumi hivi alikuwa na madoa meusi mabegani na usoni, tukadhani rangi inaanza kumrudia, na mama akafurahi. Midomo ilikuwa ikipasuka kila kiangazi. Mama alimpaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, kwa uaminifu ambao sijawahi kuuona kwa mwuguzi yeyote, bila kujua kwamba mafuta ya mgando hulainisha ngozi lakini hayazuii jua. Alipofikisha miaka ishirini masikio yake yalikuwa na magamba makavu kama msasa, yanayobanduka na kurudi. Hayo magamba ndiyo yaliyokuwa onyo. Daktari wa ngozi akiyaona mapema huyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yaani gesi iliyopozwa mno mpaka ikawa kama maji, kwa muda wa sekunde chache, mgonjwa akahisi mchomo, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sisi tuliyaita upele.

Mwaka 2004 kilitokea kidonda nyuma ya sikio lake la kushoto, kidogo kama punje ya mtama. Kilitoa damu akijikuna, kikakauka, kikafunguka tena. Kwenye zahanati walimpa dawa ya vidonda na vidonge, na sina kinyongo nao, kwa sababu kidonda kinapoonekana kidogo kila mtu hukitazama kama kidonda. Mjomba mmoja alileta dawa za miti shamba. Jirani alisema ni husuda. Miaka miwili ikapita, nasi tukiendelea kuanika dagaa.

Kisha yakaja mauaji. Wote mliokuwa Kanda ya Ziwa katika mwaka 2007 na 2008 mnajua ninachokisema: watu wenye ualbino walivamiwa usiku majumbani mwao, wakakatwa viungo, kwa imani ya kishirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sisi tulibadilisha mlango wa mbao kwa mlango wa chuma. Kaka zangu walilala kwa zamu na mapanga. Mdogo wangu hakuruhusiwa kutoka nyumbani giza likiingia, wala kusafiri, na mtu alipopendekeza apelekwe Mwanza kwa daktari, baba aliuliza ni nani atakayethubutu kumpandisha kwenye meli kutoka Nansio katikati ya watu asiowajua, kisha kumlaza katika mji ambao hatujui nani analala chumba cha pili. Hatukuwa na jibu. Basi akakaa nyumbani, na mchana, kwa kuwa mchana tuliuona una usalama, aliendelea kutoka ufukweni.

Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma. Usiku tulimlinda kwa chuma na mapanga, na asubuhi tulimfungulia mlango wenyewe akatoka kwenda kukutana na kilichokuwa kikimuua.

Tulipofika hospitali kubwa, katikati ya mwaka 2008, sikio lilikuwa halipo tena kwa maana ya kawaida, na uvimbe ulikuwa umeshuka kwenye tezi za shingo. Madaktari wakasema upasuaji peke yake hautatosha, wakatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Niliandamana naye mimi. Wodini nilikuta watu wengine wenye ualbino, wengi wao vijana, na wote walikuwa na vidonda vya kichwani na shingoni, mahali ambapo nguo haifiki. Mmoja alikuwa mkulima wa pamba, mmoja muuza mahindi ya kuchoma barabarani, mmoja alikuwa mwanafunzi. Nilianza kuwauliza walikuwa wakifanya kazi gani, na baada ya siku mbili nikaacha kuuliza, maana kila jibu lilikuwa la nje, juani. Jambo jingine nililolisikia kwa masikio yangu katika wodi ile, na ambalo sikuwahi kulisikia kijijini, ni watu wenye ualbino wakicheka pamoja usiku bila kuogopa.

Alifariki nyumbani, kama alivyotaka. Kaburi lake tulilimwagia zege siku ileile ya maziko na kulilinda kwa wiki kadhaa, kwa sababu wezi wa viungo hawakuwaacha hata waliokufa. Ndiyo maana nasema kaburi lipo, na ni gumu.

Ndugu zangu, dunia ilipaza sauti juu ya mauaji yale, na ilistahili kupaza sauti. Vyombo vya habari vilikuja, sheria zikatumika, mashirika yakaundwa, na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa mwaka 2014 ukaitenga siku hii tunayoiadhimisha. Lakini kifo cha mdogo wangu hakikuandikwa na mwandishi yeyote, hakikufunguliwa jalada polisi, na katika msiba watu walisema kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Mimi ni mcha Mungu. Hata hivyo sioni haki kumsingizia Mungu jambo ambalo ratiba ya familia yetu ilishiriki kulifanya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini watu wenye ualbino 16,477, na wataalamu wamekuwa wakikadiria kwamba Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini makadirio ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Tunao wengi kuliko wengine, chini ya jua kali kuliko la wengine. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino, ukachapishwa mwaka 1985, ulionyesha kwamba ngozi za watoto huanza kuharibika ndani ya mwaka wao wa kwanza wa maisha. Mwaka wa kwanza! Yaani mtoto bado amebebwa mgongoni, kichwa kimechungulia nje ya kanga, mama yuko shambani anapalilia.

Sasa niwaambie ninachowaomba, na nitaanza na saa kabla ya losheni, kwa sababu watu wengi wakisikia kinga ya jua hufikiria losheni peke yake, na losheni kwangu ni ngome ya mwisho.

Mionzi ya jua huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mtoto asiye na saa afundishwe kutazama kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, aingie ndani au chini ya mti wenye majani mazito. Kanuni hii haihitaji fedha. Inahitaji mama akubali kwamba mtoto huyu atachota maji alfajiri au jioni na si adhuhuri, na baba akubali kwamba shamba la huyu litalimwa mapema na kuachwa mapema, hata kama jirani atasema mnamlea kama yai.

Baada ya saa ni nguo. Shati la mikono mirefu lenye kitambaa kilichoshonana, suruali au sketi ndefu, na kofia ya pama yenye ukingo mpana pande zote. Kepu naikataa. Najua vijana wanaipenda, na mdogo wangu alikuwa nayo nyekundu ambayo hakuivua. Lakini kepu hufunika paji la uso na kuyaacha masikio, shavu na kisogo. Kila nikiona kepu juu ya kichwa cha kijana mwenye ualbino, macho yangu hukimbilia nyuma ya sikio lake, naye huniona mwalimu wa ajabu.

Losheni ndiyo inayofuata, kwa sehemu zile ambazo nguo haifiki: uso, masikio mbele na nyuma, shingo, mikono, na midomo isisahauliwe. Inapakwa kabla ya kutoka, kwa wingi, kisha inarudiwa kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi kwa mtu anayetoka jasho au aliyeingia majini. Losheni yenye kinga ya kiwango cha 30, kinachoandikwa SPF 30 kwenye chupa, huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi, lakini ikipakwa nyembamba kama manukato kiwango hicho hakifikiwi kabisa. Niliwahi kukutana na kijana aliyekuwa akipaka losheni yake kila usiku baada ya kuoga, kwa miezi mitano, kwa kuwa aliyempa alimwambia ni dawa ya ngozi na hakumwambia zaidi ya hapo. Nyingine nimeikuta imewekwa juu ya kabati chini ya bati, imechemka na kujitenga mafuta na maji. Nyingine familia nzima inaitumia kama mafuta ya kawaida, na chupa ya miezi mitatu inakwisha kwa wiki mbili. Anayegawa chupa bila kukaa na familia nusu saa amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu upatikanaji wake nitasema wazi. Pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo KiliSun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino wa hapa kwetu, na imekuwa ikigawiwa bure katika kliniki. Kwa hiyo tunaweza kuitengeneza wenyewe. Hilo limekwisha kuthibitika. Wenzetu wa Kenya kwa zaidi ya miaka kumi sasa wamekuwa na mpango wa serikali wa kuwagawia watu wenye ualbino losheni kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu kwako ni kwamba katika kila zahanati ya mkoa huu losheni hii ihesabiwe na iagizwe pamoja na dawa nyingine, iwe na nafasi yake kwenye rafu na kwenye daftari la mfamasia, kwa sababu dukani inauzwa jirani na poda na rangi ya mdomo, kwa bei ambayo mwanika dagaa haiwezi, na mtu akiiomba hudhaniwa anataka urembo.

Walimu wenzangu, hapa nina maneno mengi zaidi, kwa kuwa sisi tunashika saa za mtoto kuliko hata mzazi wake. Mstarini asubuhi, mtoto mwenye ualbino asimame chini ya baraza. Mchakamchaka na kilimo cha shule, afanye mapema au apewe kazi nyingine ya maana, isiwe kazi ya kumfanya aonekane mvivu. Adhabu ya kupiga magoti juani sitaki hata kuijadili. Sare ya shule yenye mikono mifupi na marufuku ya kofia ni kanuni tuliyoiandika sisi wenyewe, na tunaweza kuifuta wenyewe kwenye kikao kimoja. Darasani akae mbele ili auone ubao, lakini asikae kando ya dirisha linaloingiza jua, kwa maana kioo cha kawaida huzuia aina moja ya mionzi na kuipitisha nyingine. Na mtoto huyu akisoma vizuri, hii ndiyo hoja yangu kubwa kwenu, atapata kazi ya ndani. Mdogo wangu aliacha shule darasa la nne kwa sababu hakuuona ubao. Kama mwalimu mmoja angemsogeza dawati, huenda leo angekuwa karani wa ushirika wa wavuvi, anapima na kuandika dagaa wa wenzake chini ya paa.

Wazazi, kila mwisho wa mwezi mvueni mtoto shati, mumtazame kwenye mwanga mzuri kuanzia utosini, nyuma ya masikio, midomo, mabega na migongo ya mikono. Mnatafuta gamba linalobanduka na kurudi, kinyama kinachoota, na zaidi ya yote kidonda ambacho kimepita wiki nne bila kupona. Kikipita wiki nne msikipake chochote, mpelekeni kwa daktari wa ngozi, na mkiambiwa ni kidonda tu, ombeni barua ya kwenda mbele. Angalau mara mbili kwa mwaka apelekwe kliniki ya ngozi hata kama hana kitu. Saratani hii ikikutwa ndogo hukatwa ikaisha, na mtu akaishi.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tusikae tukidhani kwamba tunawahurumia wengine. Bob Marley aligunduliwa saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na Mei 11, mwaka 1981, alifariki akiwa na miaka 36. Aina ile haisababishwi na jua, na huwapata watu weusi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Kwa hiyo mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha nao uonyeshwe daktari. Nimelisema hili kwa kupita, ili mtu asitoke hapa akiamini kwamba kliniki ya ngozi ni ya watu fulani.

Kwetu nyumbani leo yupo binti wa kaka yangu, ana miaka tisa, naye ana ualbino. Kaka na mkewe wote wawili walibeba urithi huo bila kuujua, kama wanavyoubeba wengi wenu mliokaa hapa, na kwa wazazi wa aina hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino; si laana, wala mama hakutembea na mzungu, wala hakuna cha kumwuliza mganga. Binti huyo hajawahi kuanika dagaa. Bibi yake, yaani mama yangu, ndiye anayemsimamia, na ukifika pale saa sita mchana utamkuta bibi amekaa kizingitini, amenyoosha mguu kuvuka mlango, na mtoto yumo ndani anasoma kwa sauti ili bibi ajue kwamba hajatoroka dirishani. Jioni wanatoka pamoja. Kofia yake ya pama ameishona mwenyewe bibi kwa kitenge, ukingo mpana hadi mabegani, na watoto wenzake walianza kumcheka, kisha wawili wakaomba washonewe za kwao.

Daktari wa ngozi na wauguzi wako ndani ya jengo lile la darasa la pili, milango iko wazi, na watoto wataanza. Nilikuwa na mengine, lakini tangu niliposimama kivuli cha hema kimehama, na naona viti vya nyuma upande wa kulia vimebaki juani na watoto wamekaa wametulia kwa adabu. Naomba walimu wa zamu wawainue sasa hivi, kabla ya makofi.